Kinga ya course na bendera ya asubui

Bandugu, leo nilisalimia bendera nikiwa nimelala chini.

Mucheke polepole.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoka na bazoefu ba kinga za course, zile baiskeli za mashindano. Banafunga miguu ku pedali na mikaba. Na miye nikafunga.

Tulipofika mutaa wa Kamalondo, filimbi ikalia: bendera inapanda. Bote bakasimama, kimya; mwenye hasimame, gendarme anamufunga.

Miye mikaba ikakatala kufunguka. Puu! Niko chini, kinga juu yangu.

Nani atanisaidia? Wimbo haujaisha, muntu hatikisiki. Basi nikanyoosha mikono kando ya mwili sawa askari, nikakauka palepale.

Wimbo ukaisha, gendarme akakuja. Nikajua: leo nitalala ku buloko, ku gereza.

Akaniangalia. Akapiga magoti, akafungua mikaba polepole, sawa vile mama anamuvulisha mutoto viatu.

"Citoyen, hata chini ulisimama muzuri."

Sasa mucheke.