Kilima Kwenye Kioo

Asubuhi ile nilitoka Bariadi bila kujua naelekea wapi. Lori lililokuwa likienda kuchukua pamba lilikuwa na nafasi nyuma, nikapanda. Lilipofika Lalago nikashuka. Mkobani nilikuwa na kipimo cha mawimbi ya redio, kidogo kama simu, cha bei rahisi, nilichojifunza kwa kukichokonoa tu, maana shule niliiacha darasa la sita.

Mbele ya duka la kuchapa barua watu walikuwa wamesimama. Mwenye duka, mama wa makamo, alikuwa akimlaumu jirani yake, mzee fundi wa kuchomelea, kwamba cheche zake zinakata intaneti inayoingia kwa dishi la nyuma ya duka. Mwenyekiti wa kitongoji alishasema kwamba ikithibitika, karakana ihame. Nilipotoa kipimo, wote wakanigeukia.

Nikakipandisha hadi masafa ya dishi, ya juu kabisa. Kilima kirefu, alama ya wimbi lenye nguvu, kikasimama kwenye kioo.

"Si huyo?" mama akasema.

Fundi akazima mashine. Kilima hakikutikisika.

"Mayo, au inachomelea usingizini?" fundi akamuuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

Mama akajibu kwamba lazima ana mashine nyingine ndani. Hapo nikaingiwa na wasiwasi. Nikaifungua antena ya kipimo, nikaitia mfukoni. Kipimo hakikuwa na sikio tena, lakini kilima kilikuwa palepale. Nikashuka kwenye masafa ya redio za kawaida: nikirudisha antena vilima vinaota, nikiitoa vinafutika. Huku chini kipimo kilisema kweli; kule juu kilikuwa kinajisikia chenyewe, kama mtu anayesikia mapigo ya moyo wake na kudhani kuna anayebisha hodi.

"Hiki kilima ni cha kipimo changu," nikawaambia. "Msimhamishe mtu kwa ajili yake."

Nikarudi masafa ya juu; pembeni ya kile kirefu kulikuwa na kijilima kifupi, nacho kilifutika bila antena. Hayo ndiyo yalikuwa mawimbi ya dishi. Fundi akachomelea makusudi, hakikushuka. Nikamwomba mama aizungushe nguzo ya dishi kidogo. Kikaota, kikaota, mawimbi yakija kutoka mnara ambao hakuna kati yetu aliyeuona, juu ya mashamba yote yale. Hata fundi alivua miwani yake ya kazi.

Nguzo ilicheza mkononi mwa mama. Usawa wa shingo ya ng'ombe ilikuwa imeng'aa, na manyoya yamenasa. Wakirudi kutoka malishoni, ng'ombe walijikuna pale, wakiisogeza kila siku. Walikuwa ng'ombe wa mama mwenyewe.

Akamgeukia fundi, akamwambia, "Nisamehe, baba."

Fundi akakata vyuma, akaitegemeza nguzo navyo. Alipomaliza akaniuliza nalala wapi. Nikasema sijui. Akafagia chumba cha nyuma ya karakana, akaniingizia kitanda cha chuma ambacho mteja hakuja kukichukua.