Tuliwapeleka wageni wa harusi kutembea Ziwa Balangida, nusura harusi igeuke msiba

Wakuu, salaam kwenu wote. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi humu jukwaani ni mtu wa kusoma na kupita. Leo nimeona niandike jambo lililonitokea mwenyewe mwaka huu, kwa sababu bado naliota. Sijatia chumvi popote, ingawa chumvi yenyewe imo nyingi, mtaiona.

Kwetu ni Endagikot, jirani na Mbulu mjini. Ila mdogo wangu Safari alishahamia Balangdalalu, kule Hanang. Analima alizeti na vitunguu, kajenga, katulia.

Akapata mchumba anaitwa Neema, binti wa Pangani kule pwani, walikutana chuoni. Tukakubaliana ndoa ifungwe Balangdalalu, siku ya Jumamosi, kiangazi, watu wakiwa wameshamaliza kuvuna.

Wageni wa kwanza wa upande wa bibi harusi walifika Alhamisi. Walikuwa watatu.

Shangazi Hilda, ndiye aliyemlea Neema toka mama yake alipofariki. Mama mnene, mpole, anaongea taratibu.

Mjomba Zakayo, mzee wa utani, ana goti bovu.

Na Agnes, mdogo wake Neema. Huyu ni mtu wa simu. Kila kitu picha.

Kamati ikanipa mimi kazi ya kuwatembeza Ijumaa, ili nyumbani watu wapike na kupamba kwa nafasi.

Asubuhi ilikwenda vizuri sana. Tukawaonyesha Mlima Hanang ukiwa haujavaa mawingu. Wakajifunza kusalimia "saita" kwa Kiiraqw, Mjomba akawa anasalimia mpaka mbuzi. Tukala makande, wakasifu baridi ya kwetu huku wamejifunika mablanketi.

Sasa Agnes alikuwa ameshaona picha za ziwa mtandaoni.

"Shemeji, mimi nataka mnipeleke kwenye ile beach yenu nyeupe."

Tulicheka. Wakuu, hebu fikirieni, mtu wa Pangani anakuja kuomba beach kwetu sisi wa milimani! Nilijisikia raha, sikatai.

Nikamwambia ukweli kwamba ziwa nimeliona mara nyingi kutoka barabarani, ila kuingia katikati kule sijawahi. Akasema basi twende wote tukalione.

Tukapanda Noah ya Paulo, jirani yake Safari, akaendesha mwenyewe. Baada ya chakula cha mchana tukawa tumefika ukingoni.

Kwa wasiolijua, Balangida ni ziwa la magadi chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Kiangazi maji yanarudi nyuma sana, kunabaki uwanda mweupe wa chumvi. Unaweza kudhani mtu kamwaga unga wa sembe mpaka mwisho wa macho. Mbele kabisa tuliona mstari wa pinki. Flamingo.

Agnes alipiga kelele ya furaha.

Mjomba akasema goti lake halitaki safari hiyo, akabaki kwenye gari na Paulo wakipiga stori. Tukaenda watatu: mimi, Shangazi na Agnes.

Mwanzoni chini palikuwa pagumu kama sakafu. Ukikanyaga panalia kwa mbali, kakaka, kama ukoko wa ugali ukivunjika. Tukawa tunacheka na kupiga picha. Shangazi alivua viatu akavishika mkononi, akasema anasikia kama yuko nyumbani maji yakiwa yamekupwa.

Jambo la ajabu ni kwamba maji yalikuwa hayakaribii. Unatembea, unaona yale pale, ukifika unakuta chumvi tu. Agnes akatangulia. Nikageuka nyuma nikaona Noah imekuwa ndogo kama kiberiti.

Sikuwa na sababu, niliona tu tumekwenda mbali mno.

Nikamwita, "Agnes, inatosha, turudi!"

Akapunga mkono, "Dakika moja shemeji, nikiwapata hawa ndege tu!"

Hapo ndipo upepo ukaja.

Upepo wa Hanang tunaujua, wakuu, tumekua nao. Lakini wa mle ndani ni kitu kingine. Niliona kwanza ukuta wa Bonde la Ufa umepotea. Halafu flamingo wakaruka wote kwa pamoja. Halafu Agnes akapotea, hivi hivi namtazama.

Kilichofuata ni weupe. Siyo giza. Mchana kweupe, jua lipo, lakini huoni hata mkono wako. Lile vumbi ni magadi matupu, linaingia machoni linachoma kama pilipili, linaingia kooni unakohoa huwezi kuacha.

Nikamsikia Agnes akiita, "Shangazi! Shangaziii!"

Nikakimbilia sauti.

Sikufika mbali. Ardhi ilikatika chini yangu kama ganda la yai. Mguu wa kulia ukaingia mpaka gotini. Nikautegemea wa kushoto ili nijivute, nao ukaingia. Nikavuta wa kulia, wa kushoto ukashuka zaidi.

Juu tope lilikuwa la moto, chini baridi kabisa. Na hapakuwa na mwisho. Nilitafuta chini kwa vidole vya miguu, nikitegemea nitakuta jiwe, mzizi, chochote. Hapakuwa na kitu. Lilinishika kama mtu aliyekukumbatia miguu na hataki kukuachia.

Lilipofika mapajani ndipo nikaanza kupiga kelele.

Sitaki kujifanya mwanaume hapa. Nilimwita mama yangu. Mama yangu yuko Endagikot, nilikuwa namwita kama vile yuko jikoni.

Paulo alikuwa anapiga honi kule ukingoni. Badala ya kunisaidia ikazidi kunitia wazimu, maana upepo ulikuwa unaitupa huku na huku. Mara iko mbele, mara nyuma, mara kushoto. Sikujua tena nchi kavu ni upande gani.

Na kitu kilichonimaliza kabisa ni kwamba Agnes aliacha kuita.

Nilisikiliza. Upepo tu.

Nikajua ameshaingia. Nikaona kabisa kesho: turubai za harusi zinakaliwa na waombolezaji, Safari amevaa suti yake mpya msibani, na Neema ananiuliza, umempeleka wapi mdogo wangu?

Ndipo nikasikia sauti karibu yangu, kwa chini, kama mtu anayetambaa.

"Baba, acha kupigana nalo."

Ilikuwa ni Shangazi Hilda.

"Shangazi usije! Utazama!"

"Nimelala. Na wewe lala. Lala chali, tandaza mikono."

Wakuu, kuambiwa ulale kwenye kitu kinachokumeza! Mwili mzima unakataa. Na mimi sijui kuogelea, maji ya kwetu ni ya kisimani na ya mtoni yanayofika magotini. Nikamwambia siwezi.

Akasema, sauti ile ile ya taratibu, "Kwetu kwenye mikoko watu wanazama tope kila siku wakitafuta kaa. Wanaosimama ndio wanakwama. Lala baba, nipo."

Nikafumba macho nikajiachia kwa nyuma.

Nilitegemea litanifunika uso. Halikunifunika. Lilinibeba. Kichwa kilikuwa juu, masikio ndani ya tope, nasikia moyo wangu tu ukigonga.

Akanirushia kitenge chake, kona moja ikanipiga usoni. Nikashika. "Sasa mguu mmoja. Usivute kwa nguvu. Uchezeshe, kidogo kidogo, kama unavua soksi iliyolowa."

Nikachezesha. Mguu ukaanza kulegea. Nilisikia sauti ya tope likinywa hewa, mpaka leo nikiisikia sinki ikimaliza maji nashtuka.

Mguu wa kwanza ukatoka bila kiatu. Wa pili ulikataa, ulikataa kabisa, nikaanza tena kulia. Shangazi akaanza kuniimbia pambio, lile la kuwaimbia watoto wa Sunday school. Yeye amelala kifudifudi kwenye magadi na gauni lake, anaimba huku anakohoa.

Ukatoka. Nikajiviringisha mpaka nikasikia pagumu chini ya mgongo.

Tulilala pale tumeshikana mikono. Nikamuuliza, "Agnes?"

Alinibana mkono mpaka vidole vikaniuma.

Huo muda wa kusubiri upepo ushuke, ndugu zangu, ulikuwa mbaya kuliko tope. Kwenye tope nilikuwa na kazi ya kufanya. Hapa tulikuwa tunaita tu, tunasikiliza, tunaita tena.

Upepo wa kule unaondoka kama ulivyokuja. Ghafla nikaona vidole vyangu, halafu uso wa Shangazi mweupe wote kama aliyepakwa unga, machozi yamechora mistari miwili.

Kisha tukaona kitu chekundu mbali kidogo. Sweta ya Agnes.

Alikuwa amechuchumaa, kajifunika mtandio kichwani, hajasogea. Shangazi akaita. Hakugeuka. Akaita tena, na safari hii sauti yake ilivunjika.

Agnes akainua mkono.

Alikuwa hawezi kuongea. Magadi yalikuwa yamekausha koo lake, kila akijaribu kuita hakitoki kitu. Alikuwa anatusikia muda wote, ananisikia nikimlilia mama, na yeye hawezi kujibu.

Bado alitakiwa aturudie. Shangazi akamwelekeza akanyage nyayo zake alizoendea, moja baada ya nyingine, asikate kona. Palipolia kwa nguvu alisimama akatutazama, na mimi nikawa siwezi kuangalia. Sehemu moja mguu wake ulizama mpaka kwenye kifundo, akalala mwenyewe bila kuambiwa, akautoa, akaacha kiatu humo humo.

Alipotufikia Shangazi alimpiga kofi la mgongo, halafu akamkumbatia, wakakaa hivyo.

Kurudi tulifuata nyayo zetu. Kila ardhi ilipolia tulisimama wote.

Mjomba Zakayo, yule wa utani, alikuja kutupokea ukingoni na goti lake. Alimshika Agnes mikono miwili, akampangusa chumvi usoni. Paulo akatuosha macho na miguu kwa maji ya dumu alilobeba kwa ajili ya rejeta.

Kwenye gari nilikaa karibu na Shangazi. Nikamwambia, "Shangazi, wewe huogopi."

Akanitazama. "Mwanangu, nilikuwa naogopa kuliko wewe. Ila na mimi ningelia, nani angekutoa?"

Kisha akatuomba kitu kimoja: Neema asiambiwe mpaka ndoa ifungwe. Tukakubali. Tukapitia zahanati tukasafishwa, wakatupa dawa ya kupaka, maana yale magadi yanachubua ngozi.

Jumamosi nilisimama kanisani na kandambili, miguu imevimba. Watu walidhani ni mbwembwe. Vigelegele vilipopigwa niliruka kama nimepigwa shoti.

Neema aliambiwa Jumapili. Alilia kama mtoto kwenye mapaja ya Shangazi, na Safari akatoka nje akakaa peke yake nyuma ya zizi muda mrefu.

Nilichojifunza, na ndicho kimenifanya niandike:

Mgeni wa harusi ni amana ya watu. Kabla hujampeleka kutalii, nenda wewe kwanza, tena na mwenyeji wa pale pale. Uzuri wa mahali hauonyeshi palivyo chini yake. Ziwani kiangazi piga picha ukingoni, inatosha, flamingo watakuja wakitaka. Na ukizama kwenye tope, usisimame. Lala. Najua mwili utakataa. Lala tu.

Siku ya kuondoka, kabla ya kupanda basi, Shangazi aliniambia, "Baba, sasa ni zamu yako. Njoo Pangani nikufundishe kuogelea." Ameshanikumbusha kwa simu zaidi ya mara moja. Nami kila mara namwambia nipo shambani.

Ukweli ni kwamba naogopa. Lakini yule mama alinifuata mahali nisipoonekana, na sitaki aendelee kunisubiri.

Kwa hiyo waliowahi kukutwa na kitu kama hiki niambieni, mlimalizaje hofu? Na wadau wa Pangani, mtu mzima asiyejua maji kabisa anaanzia sehemu gani ambayo anaona chini?