Kichwa Kilichopona kwa Siri

Kama kungekuwa na mashindano ya kuumwa kichwa, fundi saa wa jengo la mafundi angeshinda kombe, halafu angekataa kwenda kulichukua kwa sababu makofi yangemwumiza. Kichwa chake kilianzia kisogoni, kikapanda nyuma ya masikio, kikaja kufunga paji la uso kama mkanda wa suruali ya mtu mwembamba uliovalishwa mnene. Kiliingia kazini saa nne asubuhi na kutoka jioni, bila kukosa siku, kwa uaminifu ambao si kila saa aliyoitengeneza ilikuwa nao. Watu walimwita Sekunde. Jina alilipenda. Aliamini kwamba mtu anayeshinda na kibano mkononi na kioo cha kukuzia jichoni hawezi kukosea jambo, hata likiwa dogo kiasi gani.

Sasa, mtu anayeumwa mwaka mzima bila kujua anaumwa nini hutafuta wa kumlaumu, na Sekunde hakuhangaika kwenda mbali. Kibanda cha pili kutoka chake kilikuwa cha fundi bati, mwanamke mwembamba wa maneno machache aliyetengeneza ndoo, masanduku na makopo ya kumwagilia maua. Alipiga nyundo. Sekunde alitaka afanye nini? Bati halishonwi kwa sindano. Sekunde akampachika jina la Ngurumo, na jina likanata kama gundi ya fundi viatu.

Halafu akaandika barua. Kurasa tatu, mbele na nyuma. Alieleza kwamba kila pigo la nyundo lilimwingia sikio la kulia na kutokea la kushoto likiwa limebeba kitu ambacho asingekipata tena. Alikusanya saini kumi na moja. Fundi viatu alitia ya kwake bila kusoma, kwa sababu saa yake ilikuwa mezani kwa Sekunde, imefunguliwa tumbo.

Kamati ya mafundi ikakaa, na kwa ile hekima ambayo watu huipata wakishakuwa wengi, ikaamua hivi: fundi bati ahamie nyuma ya jengo, karibu na vyoo, mpaka kichwa cha fundi saa kipone. Kikipona, arudi. Miezi sita ikipita hakijapona, basi ni wazi kwamba kichwa hicho na bati haviwezi kuishi pamoja, na kibanda cha mbele apewe mtu mwenye kazi ya kimya. Mtu huyo alikuwepo tayari, muuza makava ya simu, anasubiri kwa adabu kama fisi anayesubiri mkono wa mtu udondoke.

Fundi bati akahama. Kichwa kikabaki.

"Sauti imebakia humo ndani," Sekunde aliwaeleza watu, "kama harufu ya samaki kwenye sufuria."

Mkewe alivumilia maelezo hayo miezi mitano, kisha akachoka. "Baba, jirani yako alishahama. Hicho kichwa hakikupata nakala ya barua?"

"Wewe huelewi mambo ya neva."

"Sielewi. Ndiyo maana kesho tunakwenda kwa anayeelewa. Daktari amekupima macho, amekupima damu, amekupima presha, haoni kitu. Amesema uende kwa wale wa viungo."

Akaenda shingo upande, na hata huo upande ulikuwa unauma.

Mtaalamu wa viungo alikuwa msichana wa umri wa bintiye, mwenye mikono mifupi na vidole kama koleo. Alimlaza chali, akapitisha vidole chini ya kisogo, pale fuvu linapokutana na shingo, akabonyeza taratibu na kutulia hapohapo. Maumivu yakaruka kutoka kisogoni hadi nyuma ya jicho la kulia.

"Ndicho hicho!" Sekunde alipiga kelele. "Umekijuaje?"

"Misuli yako imenisimulia yenyewe, mzee wangu. Hebu kaa. Nionyeshe unavyofanya kazi."

Akaketi mezani, akainama kama kunguru anayechungulia chupa.

"Saa ngapi kwa siku?"

"Tisa. Siku nyingine kumi."

"Toka lini?"

"Nina miaka ishirini na sita kwenye ufundi."

Msichana akapumua. "Kichwa cha mtu ni kizito kama tikiti maji la haja. Ukikaa wima, mifupa inalibeba. Ukiinama hivyo, tikiti linaning'inia kwenye misuli ya shingo na mabega, nayo inakaza, inakaza, mpaka maumivu yanapanda kichwani. Na meno unayauma ukifanya kazi, eh? Taya nalo gumu kama jiwe."

Akamfundisha. Kurudisha kidevu nyuma bila kuinua wala kuinamisha uso, kama mtu aliyesogezewa kijiko cha dawa chungu. Kuhesabu tano, kuachia, mara kumi. Kuvuta mabega nyuma. Kulaza sikio kuelekea bega, polepole, upande huu na ule. Taulo la moto mabegani jioni. Kusimama kila nusu saa. Na meza iinuliwe: saa ndiyo ipande kulifuata jicho, jicho lisishuke kuifuata saa. Yakija maumivu ya ghafla na makali kuliko yote, au ya homa, au macho kuona ukungu, asimtafute yeye, akimbilie kwa daktari.

"Lakini kubwa," alisema, "acha kuinamisha kichwa."

Sekunde alivaa shati polepole. Lilikuwepo swali, alilitoa kama mtu anayetoa mwiba. "Na nyundo, je?"

"Nyundo gani?"

Akamweleza. Msichana akacheka, kisha akaona uso wa mke wa Sekunde akaacha. "Kelele humchosha mtu, sikatai. Ila shingo hii, mzee wangu, hata ungehamia makaburini, kwenye majirani watulivu kabisa, ingeuma."

Njia nzima mkewe alizungumzia bei ya nyanya. Sekunde angependa azungumzie nyundo.

Alifanya mazoezi kwa siri, stoo, mlango umefungwa. Aliweka vitabu vinne vya simu vya zamani chini ya ubao wake wa kazi ili upande kidogo. Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, alikuwa anabadilisha betri ya saa ya ukutani akagundua kwamba ni saa saba mchana na hakuna kinachomwuma. Akagusa kisogo. Kimya. Akagusa paji la uso. Kimya kabisa, kama nyumba ambayo wageni wameondoka bila kuaga.

Mtu mwingine angeimba. Sekunde alitokwa na jasho. Kichwa kikipona wakati fundi bati yuko kule vyooni, sawa. Ila kimepona kwa kidevu! Atasema nini? Kwamba kurasa tatu, mbele na nyuma, zilikuwa uongo? Kwamba mtu wa sekunde alikosea kwa mwaka mzima? Siku ile alinyoosha mkono chini ya meza, akachukua kitambaa cha kufutia vioo, akajifunga kichwani.

"Bado tu, Fundi?" watu waliuliza.

"Acheni tu," alijibu, na kukunja uso kwa ustadi.

Akaanza kuumwa vizuri kuliko alipokuwa anaumwa kweli. Muuza makava ya simu alipita kila asubuhi kumjulia hali.

"Hakijapoa, mzee?"

"Hakijapoa."

"Pole sana. Pole mno," alisema yule, huku akipima mlango wa fundi bati kwa hatua zake.

Zikabaki siku mbili miezi sita itimie. Jumatano hiyo akaja fundi bati mwenyewe. Sekunde hakumsikia akifika, kwa sababu alikuwa amevua viatu na kuvishika mkononi. Alisimama pembeni ya meza, akanong'ona kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa mahututi.

"Samahani, kaka. Sitakusumbua. Saa ya marehemu mama imesimama."

Akaiweka juu ya kitambaa, asigongeshe hata kioo chake.

"Kwa nini hukuipeleka kwingine?" Sekunde aliuliza, na hakujua kwa nini ameuliza.

"Kwingine hawaijui. Wewe ndiye uliyeitengeneza akiwa hai." Akatazama kile kitambaa. "Kichwa kikoje, kaka?"

Hapa ndipo pangekuwa mahali pake. Hapakuwa na mtu mwingine. Neno moja tu, lenye herufi chache kuliko tarakimu zilizo kwenye uso wa saa. Sekunde akafungua mdomo, ukatoa jingine.

"Kinauma."

"Pole. Ile nyundo niliifunga mpira, unajua. Mpira wa tairi. Toka mwaka jana, kabla hata ya barua, nilipoona unashika kichwa. Bati linatoka na mabonde, wateja wananung'unika, lakini nikasema heri mabonde. Labda ningeifunga mara mbili." Akavaa kiatu kimoja, kisha akakumbuka, akakivua tena. "Nakuombea upone, kaka. Kila asubuhi. Sitakudanganya, naombea na kibanda changu humohumo. Lakini na wewe nakuombea."

Akaondoka peku.

Sekunde aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. Misuli ya kisogo ikavuta mara moja, na yeye akaiacha ivute. Alitamani kichwa kimwume. Alikaa hivyo nusu saa akikisubiri, na yule hayawani hakuja. Kila alipotaka maumivu, alipata afya.

Ijumaa mafundi walikusanyika uani, kila mmoja amekalia ndoo iliyogeuzwa. Ndoo zote zilitoka mkono mmoja. Sekunde alikuwa hajawahi kuliona hilo, na siku hiyo hakuona kingine. Fundi bati alisimama nyuma kabisa. Mwenyekiti, fundi seremala mwenye penseli sikioni, akakohoa.

"Ajenda ni moja. Fundi saa, kichwa?"

Sekunde akasimama, akafungua kitambaa. Alitaka kuinama, kama mtu yeyote mwenye aibu, ila mwili ulishazoea amri za yule msichana: mabega yakarudi nyuma, kidevu kikaingia ndani.

"Mbona unajitutumua kama jogoo wa harusi?" alisema fundi viatu. Watu wakacheka.

"Kimepona," akasema. "Ni karibu wiki mbili sasa."

Uani pakalipuka makofi. Mmoja akampiga mgongoni. Mwenyekiti akainua mikono yote miwili.

"Mnaona? Kamati ilifanya kazi! Tumeondoa kelele, kichwa kimepona. Na kama kimepona kwa kimya, ndugu zangu, nani atakayethubutu kukivunja kimya hicho? Kanuni ilisema arudi, lakini kanuni si msahafu. Mimi naona kibanda..."

Muuza makava alikuwa ameshasimama.

Sekunde alimtazama fundi bati. Hakuwa analia, wala hakuwa na hasira. Alikuwa anatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesikia bei ya kitu ambacho alijua tokea mwanzo hatakimudu.

"Si nyundo," akasema Sekunde. Hakuna aliyemsikia. Akapaza sauti. "Si nyundo! Ni shingo! Ni mimi niliyeinama miaka ishirini na sita kama kunguru! Binti wa hospitali amenibonyeza hapa," akashika kisogo, "na kuniambia hata makaburini ningeumwa. Huyu mama hajawahi kuniumiza hata ukucha. Barua ile niliandika uongo, nyinyi mkatia saini uongo, wengine bila kusoma."

Fundi viatu akatazama viatu vyake.

"Subiri," alisema muuza makava. "Sasa hivi ulikuwa na kitambaa."

"Ndiyo."

"Kitambaa cha nini, kama umepona?"

"Cha uongo. Jumatano alikuja kwangu peku ili asinisumbue, nami nikamwambia kinauma. Machoni pake. Na jina la Ngurumo nilimpa mimi, na nyundo yake ina mpira."

Wakacheka mpaka mmoja akaanguka na ndoo. Walicheka kidevu, walicheka kunguru, walicheka kitambaa. Sekunde alisimama katikati ya kicheko hicho bila mahali pa kuweka uso, kwa kuwa mahali pake pa kawaida, chini, palikuwa pamepigwa marufuku na hospitali. Mtu mmoja tu hakucheka.

Mwenyekiti alipofuta machozi akasema kanuni ni kanuni, arudi. Fundi bati akauliza kitu kimoja, kwa ile sauti ya kunong'ona: "Nyundo niifungue?"

"Ifungue," Sekunde alisema.

Jumatatu fundi bati akafika kibandani kwa Sekunde, safari hii na viatu. Akachukua saa ya mama yake, akaisikiliza, akaivaa. Kisha akatoa kamba ya kupimia.

"Mkeo kaniambia unahitaji stendi ya kuinulia meza. Sijakusamehe bado, kaka, usianze kushukuru. Ila meza ni kazi, na kazi ni kazi. Kaa unavyopaswa kukaa, nipime."

Sekunde akaketi. Alijaribu kunyanyua uso. Ulifika usawa wa mikono ya fundi bati, yenye makovu ya bati, ukagoma hapo. Akajaribu tena. Fundi bati akangoja, kamba mkononi, kwa uvumilivu wa mtu aliyekwisha kungoja miezi sita.

"Haiwezekani leo, eh?"

"Leo haiwezekani, dada."

"Basi nitapima ulivyo," akasema, kwa sauti kubwa, nene, sauti yake kamili ambayo fundi saa alikuwa hajawahi kuisikia, "halafu nitaongeza inchi mbili."