Muhula wa Tatu wa Mama Belyse

Marcienne, ambaye Misiera nzima, kijiji chetu cha kambi ya wakimbizi, inamwita Mama Belyse, alikuwa mwenyekiti mzuri, na hilo ndilo lililoleta balaa. Mashine ya kusaga ya chama chao ikiharibika leo, kesho inanguruma. Foleni haina fujo. Kila Alhamisi Muzafaru, mfanyabiashara wa Mbarara, anakuja kuchukua unga bila kunung'unika. Lakini sheria ya chama ilisema mihula miwili tu, na yake ilikuwa imekwisha.

Basi wanachama wakaanza kumbembeleza: sheria si tumeandika wenyewe, tuifute! Muzafaru naye akachochea. Mbona siku hizi nchi kibao wakubwa wanajiongezea muda, redio haina habari nyingine, sembuse hiki chama cha mashine? Mama Belyse alisema hapana mara moja tu, tena kwa sauti ndogo. Ukweli usemwe, kiti alikitaka. Alikuwa ameshanunua kitenge kipya Mbarara, akakificha chini ya gunia la maharage ili Gervais, mumewe, asikione.

Jumapili baada ya misa wakapiga kura kwa mistari, kama ilivyo kawaida huku. Anayetaka sheria ifutwe asimame nyuma ya Mama Belyse. Anayetaka ibaki aende mlangoni kwa mashine. Watu wakajipanga nyuma yake mpaka mwisho wa uwanja, wanacheka, wanasukumana. Na kitenge kilimkaa, jamani. Mlangoni alisimama mtu mmoja tu, Gervais.

Aibu gani hii! Mama Belyse akamwendea mbiombio amuulize kama kichwa chake ni kizima.

"Mama Belyse," Gervais akasema taratibu, "mwaka ule tulipokimbia kwetu, nilitembea siku tatu na godoro kichwani kwa sababu ya muhula wa tatu wa rais. Sikulibeba ili nije kuupigia kura huku."

Hasira zikamwisha palepale. Alilikumbuka lile godoro, yeye akilifuata na Belyse mgongoni, akilia. Akageuka awaambie watu. Kumbe walikuwa wamemfuata! Mstari mzima ulikuwa umehama, umejipanga upya nyuma yake pale mlangoni, kila mtu nafasi yake. Karani akahesabu: sheria ibaki, wote. Mama Belyse akacheka mpaka akakaa chini, ila moyoni aliogopa. Watu hawa angewapeleka popote.

Akawarudisha uwanjani wachague mwenyekiti mpya kati ya wanachama wawili, Mukashema na Léonidas, na yeye akakaa pembeni. Walihangaika. Walitazamana, wakabishana, wengine wakahama mstari mara mbili. Mukashema akashinda kwa watu wanne.

Jumatatu Mama Belyse alifika na beseni lake la mahindi, akapita moja kwa moja mpaka mbele, kama alivyozoea. Mukashema akamwomba, kwa heshima zote, arudi nyuma apange foleni. Ilimuuma, asikudanganye mtu. Akarudi nyuma, akapanga.