Mrija wa Kwanza kwa Mama Apoline

Kila asubuhi, kabla hajasalimiana na mtu, Tharsisi huanika betri za redio. Huzitoa zote nne, huzipangusa kwa shati, halafu huzipanga juu ya bati la kibanda chake cha kushonea viatu, pale pembeni ya soko la Kasulu, upande linakotokea jua. Betri zikipata joto hurudisha uhai kidogo, na uhai huo unatosha kwa habari za michezo za asubuhi. Ukimwambia kwamba siku hizi watu wana simu, atakujibu kuwa simu inakuonyesha tu, redio ndiyo inakufanya ufikiri. Na habari zikianza, hata mteja aliyekatikiwa na ndala njiani husubiri amesimama kwa mguu mmoja.

Watu walimwita msoma mechi. Shuleni hakusoma sana, darasa la nne alilitoka kwa mlango wa nyuma akaenda kulima maharage na baba yake. Ila mpira aliusoma. Alikuwa anakaa na sindano yake ya kutobolea soli, anasikiliza, kisha anakuambia nani atachoka, nani atapewa kadi, bao litapatikana kipindi gani. Alipatia mara nyingi. Alipokosea alikuwa na maelezo marefu, na maelezo yenyewe yalikuwa matamu kuliko kupatia.

Kwa ajili hiyo alikuwa na heshima moja ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Siku moja kabla ya mechi kubwa, wenzake wa kijiwe hukutana uani kwa Mama Apoline, mjane mwenye asili ya Burundi anayepika pombe ya ndizi. Chungu kinawekwa katikati, na mrija ni mmoja. Mama Apoline mwenyewe ndiye anayeuleta, na hampi mkubwa wa umri wala mwenye fedha. Anampa atakayeisoma mechi. Huyo anavuta kwanza, maana mdomo utakaobeba maneno ya wote haufai kuwa mkavu. Akishavuta anasema mechi ya kesho itakavyokuwa, kisha mrija unazunguka kulia, na baada ya hapo kila mtu abishe anavyotaka. Miaka kumi na miwili mrija ule ulianzia kwa Tharsisi.

Sasa Emile. Emile alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita hivi, Mkongomani kutoka kambi ya Nyarugusu, mwenye kibali cha kutoka siku mbili tatu kila wiki kuwanunulia watu bidhaa mjini. Kwao Uvira aliwahi kucheza beki. Na aliyemleta kijiweni ni Tharsisi mwenyewe, hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Emile alikuja kushonesha viatu vyake vya mpira, wakapiga soga, Tharsisi akamwona ana akili, akamwambia, "Jumapili njoo banda la mpira tuangalie mechi."

Akaja. Kipindi cha kwanza alitazama ameshika tama. Wakati wa mapumziko Bazilio, mwenyekiti wa kijiwe na dereva wa lori, akamuuliza kwa utani tu, "Mgeni, unaonaje?" Emile akasema, "Ile namba sita amechoka, Papa. Anakimbia lakini hageuki. Bao itapita pale." Dakika ya hamsini na nane bao likapita pale pale. Banda zima likageuka nyuma kumtazama. Tharsisi naye aligeuka, na tangu hapo ni kama shingo yake haikunyooka tena.

Maana baada ya siku ile watu walianza kusema, "Emile anasemaje?" Walisema hivyo hata kibandani kwa Tharsisi, wamekaa kwenye benchi lake, wanasikiliza redio yake. Akawa anahesabu. Bazilio amecheka mara nne kwa Emile, kwangu mara moja. Nkunzimana, rafiki yangu wa tangu utoto, amemwachia Emile nafasi kivulini. Hata yule mama anayeuza mihogo sokoni, asiyejua mpira ni wa watu wangapi, naye amesema kijana yule ana maneno. Emile akipita anapiga makofi mepesi ya salamu ya asubuhi, ameinama kwa adabu, "Mwakeye, Papa," na ile adabu ilimchoma Tharsisi zaidi. Angekuwa na kiburi, ingekuwa rahisi.

Viatu vya Emile vilikaa chini ya gunia wiki tatu.

"Papa, vile viatu viko tayari?"

"Uzi umeisha."

Emile aliutazama uzi uliokuwa unaning'inia juu ya kichwa cha Tharsisi, mweusi, vifundo viwili vizima. Akasema, "Nitarudi, Papa."

Mkewe Tharsisi, Uwimana, ndiye aliyevifukua siku alipoleta chakula. Akavipiga piga vumbi. "Hivi ni vya nani?"

"Vya yule wa kambini."

"Vimekukosea nini?"

Uwimana akaviweka juu ya mapaja ya mumewe. "Shona kiatu cha mtu." Tharsisi akavishona. Alitaka kuvishona ovyo, lakini mkono wake haukujua kushona ovyo, vikatoka vizuri kuliko vipya. Emile akavipokea, akashukuru mpaka Tharsisi akatamani avirudishe chini ya gunia.

Halafu ikaja wiki ya Yanga. Yanga walikuwa wanakuja Kigoma kucheza na Mashujaa, timu ya mkoa, Jumamosi. Kasulu nzima ilikuwa na neno hilo moja. Kijiwe kilikodi gari la kwenda, na Ijumaa saa kumi ilikuwa kwa Mama Apoline kama kawaida. Tharsisi alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba siku hiyo ndiyo itakayosema. Akisoma mechi ya Yanga vizuri, basi Emile atabaki kuwa mgeni mwenye maneno. Asiposoma yeye, atabaki kuwa fundi viatu.

Akajiandaa. Jumatatu mpaka Alhamisi alipindua maneno kichwani huku anashona, na jioni akamsomea Uwimana aliyekuwa anachambua maharage.

"Ni joto," alisema. "Yanga watateremka pale uwanjani, joto la ziwa litawapiga. Mashujaa wakae nyuma, wavumilie tu. Dakika ya sabini miguu ya Yanga itakuwa mizito kama udongo wa masika. Hapo ndipo tunawapiga."

"Umesema mara tatu," alisema Uwimana. "Hata maharage yameshajua."

"Lakini ni neno zuri?"

"Ni zuri. Ila mbona unalisema umekunja uso?"

"Huu ndio uso wangu."

"Uso wako naujua mimi. Huo ni wa mtu anayemsomea Emile."

Ijumaa akavaa shati la pasi. Alifika wa kwanza, akakaa kwenye kigoda chake kinachotazama mlango wa jikoni. Wakaja wengine, Bazilio, Nkunzimana, na wengine wanne watano. "Mwiriwe, mwiriwe," makofi ya salamu za jioni, habari za mke, habari za shamba. Emile akaja mwisho, akasalimu mmoja mmoja, akakaa chini kwenye majani ya migomba, mbali na chungu, maana yeye ni mlokole na pombe haonji.

"Emile, sogea," alisema Nkunzimana. "Harufu haina dhambi."

"Harufu inaita nduguye, Papa," alisema Emile, wakacheka. Tharsisi akahesabu. Wote.

Mama Apoline akatoka jikoni na mrija mpya, ameukata asubuhi. Akapiga hatua kumwelekea Tharsisi kama miaka yote, na Tharsisi akawa ameshanyoosha mkono. Ndipo Bazilio akasema, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi, "Mama, leo labda tumsikie Emile. Huyu amecheza mpira kwa miguu yake. Mzee Tharsisi tumemsikia miaka, hatakasirika. Au vipi, mzee?"

Wakamtazama. Mtu angesema nini pale? "Hakuna neno," alisema Tharsisi. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka, akaukunja taratibu, akajikuna goti.

Mama Apoline akamgeukia Emile. Emile akainuka upesi, akaupokea mrija kwa mikono miwili, akaenda nao mpaka kwa Tharsisi, akapiga goti.

"Papa, wewe ndiye unajua kuvuta. Mimi sinywi. Vuta wewe, mimi nitasema kidogo tu."

Kijana alimaanisha heshima, kila mtu aliona. Na ndivyo ilivyokuwa mbaya. Kwa miaka kumi na miwili kuvuta na kusema vilikuwa kitu kimoja, sasa vimekatwa mbele ya macho yake, na yeye ameachiwa ule upande wa tumbo. Aliinama akavuta. Alivuta ndefu, kwa mazoea, na alipoinua kichwa akafungua mdomo kusema, kwa mazoea hayo hayo. Lakini watu walikuwa wameshageukia kwa Emile.

"Bon, haya," alisema Emile kwa Kiswahili chake cha Uvira. "Batu wengi banasema joto. Joto ya ziwa, joto ya ziwa. Sasa mimi nauliza, Yanga beko Dar es Salaam. Dar kuna baridi?"

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Nkunzimana alijipiga paja. "Nani huyo anayesema joto? Aletwe hapa, avalishwe koti." Wakacheka zaidi. Hakuna aliyejua. Aliyejua ni Uwimana peke yake, na Uwimana alikuwa nyumbani. Tharsisi naye akacheka, akasikia kicheko chake kimetoka kama kikohozi.

"Muangalie ile beki ya kushoto ya Yanga," Emile aliendelea. "Anapenda kupanda. Akipanda, nyuma yake kunabaki shamba tupu. Mashujaa basingoje dakika ya sabini, bakingoja bamekufa. Dakika kumi za kwanza, mpira wa kwanza, bapige pale nyuma yake."

Watu wakainama mbele, wameona kitu. Na Tharsisi alikiona kuliko wote. Alikumbuka mechi mbili nyuma redioni, mtangazaji alivyokuwa akimtaja beki yule kila mara yuko mbele, yuko mbele tena. Aliyasikia yote hayo kwa masikio yake mawili, na hakuuliza nyuma amebaki nani. Kijana alikuwa sahihi. Kama angekuwa amekosea, Tharsisi angemsamehe.

"Eeh," alisema Bazilio, anatikisa kichwa. "Hii nayo ni mpya. Mzee Tharsisi, weka na wewe neno."

Neno alilokuwa nalo lilikuwa limeshachekwa. Akatafuta lingine, akapata lililokuwa karibu.

"Mimi niseme nini," alisema. "Mtu wa kibali cha siku mbili amekuja kutufundisha uwanja wetu. Kesho siku zikiisha atarudi kule nyuma ya uzio, sisi tutabaki na mpira wetu."

Hakuna aliyecheka. Emile aliangalia chini. "Ni kweli, Papa," alisema. "Jumapili jioni."

Nkunzimana, ambaye hutania mpaka msibani, safari hii hakutania. Wazazi wake na wa Tharsisi walivuka mpaka wa Burundi siku moja, kwenye mvua moja. "Tharsisi," alisema. "Marehemu baba yako alipoingia hapa, alikuwa na kibali cha siku ngapi?"

Mama Apoline akajifanya anapanga vijiti vya moto. Bazilio akatazama chungu. Tharsisi alikuwa bado ameshika mrija, na ulikuwa haujaenda kulia. Akaurudisha chunguni kwa uangalifu usitikise kitu, akasimama, akashusha shati lake la pasi.

"Naenda msalani mara moja," alisema.

"Usikawie, mzee," alisema Bazilio. "Mrija hauwezi kuruka mtu."

Akazunguka nyumba. Akapita choo bila kugeuka, akapita shina la mwisho la migomba ya Mama Apoline, akashika barabara ya hospitali ya Kabanga, ambako siku hiyo hakuwa na mgonjwa wala ndugu wala kazi. Kutoka nyuma alisikia Emile akiuliza, "Tumungojee Papa?" na Nkunzimana akajibu kwamba ndiyo, tumngoje. Wakangoja hata povu likakauka kwenye mdomo wa chungu, na Tharsisi hakurudi.