Siku Mguu wa Rwamba Ulipoacha Kuuma

Katika soko la Ishiara, Rwamba, mama muuza ndengu, zile choroko za kijani, alijulikana kwa jambo moja: gunia la ndengu alilibeba mwenyewe. Wenzake waliita watu wa mkokoteni; yeye aliinama, akalikumbatia, akalitupa begani. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na tisa. Alipofika miaka arobaini na nne, mgongo ukamkatalia.

Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka mguu wa kushoto mpaka kidole gumba, kama mtu anayevuta waya wa moto ndani ya nyama. Alimeza dawa, akachuliwa, akafanya mazoezi aliyoonyeshwa kliniki. Mwaka wa pili, bintiye Maxine, aliyekuwa akisoma chuo kikuu kule Nchiru, alimpeleka hospitali moja mjini Embu kupigwa picha ya MRI.

Daktari Runji, mpasuaji wa mgongo, aliwaonyesha ile picha. "Kati ya pingili na pingili kuna kisahani laini," alisema. "Hiki chako kimepasuka, kipande kimetokeza na kinabana neva inayoenda mguuni."

"Sasa ni kisu?" Rwamba akauliza.

"Si lazima. Wengi hupona kwa mazoezi na muda. Tunaweza pia kuchoma sindano ya kupunguza uvimbe karibu na neva. Ikishindikana, tunafungua sehemu ndogo na kutoa hicho kipande. Kuna ile operesheni kubwa ya kuunga pingili kwa skrubu, lakini wewe huihitaji."

"Nikipasuliwa nitatembea?"

"Wengi hutembea kesho yake. Hatari zipo, siwezi kukuficha: kuvuja damu, maambukizi, neva kuumia. Kwa hivyo sikukimbizi, mama. Lakini ukisikia ganzi pale unapokalia, ama mkojo ukatae kutoka, ama utoke bila wewe kujua, ama miguu yote miwili ilegee, usingoje hata siku moja. Hapo hakuna tena kuchagua."

Maxine aliyaandika yote kwa simu yake. Rwamba aliyasahau kabla ya kufika nyumbani, kwa sababu uamuzi wake wa kukataa kisu alikuwa ameshaufanya. Kanisani kwao kulikuwa na mwanamume aliyepasuliwa mgongo akarudi kwa kiti cha magurudumu. Hakuna aliyekumbuka kwamba yule aligongwa na lori, na kwamba miguu ilikuwa imekufa kabla daktari hajamgusa. Mumewe, Misheck, alikuwa na neno moja tu: "Mgongo haukatwi."

Miezi mitatu ikapita. Jumatano moja asubuhi Rwamba alivuta ndoo ya maji, kiuno kikalia kama kijiti kikavu kinachovunjika. Akakaa chini, jasho likimtoka. Aliposimama, mguu haukuuma. Alitembea mpaka langoni, akarudi. Haukuuma hata kidogo. Siku hiyo aliuza ndengu akicheka, akiwaambia wenzake kwamba Mungu amemkumbuka.

Alhamisi alfajiri aliingia chooni, akachuchumaa, akangoja. Hakukutoka kitu. Tumbo la chini lilikuwa limejaa na kukaza, lakini haja yenyewe hakuisikia. Alipojipangusa, ilikuwa kama anampangusa mtu mwingine. Alijiambia ni baridi, ingawa Ishiara hakukuwa na baridi yoyote.

Saa mbili asubuhi Maxine akapiga simu.

"Mami, mgongo?"

"Umepona. Tangu jana mguu hauumi kabisa."

"Umeacha kuuma ghafla hivyo? Mami, umeenda haja ndogo leo?"

Rwamba alihamishia simu sikio la pili.

"Mami. Pale unapokalia, unasikia?"

"Maxine, hayo si maneno ya kuuliza mzazi."

"Mpe baba simu."

Misheck alisikiliza akiwa amesimama uani, kofia mkononi. Alipokata simu alimtazama mkewe kama mtu aliyetumwa kazi asiyoiweza. Walikuwa wameoana miaka ishirini na tatu na hawajawahi kuzungumza mambo ya choo.

"Mama Maxine," alisema, "mkojo umetoka?"

Rwamba akafunika uso kwa leso. "Tangu jana jioni, hapana. Na mguu wa kulia umeanza kulegea."

Misheck alikimbia kwa jirani yao Ngari, mwenye gari aina ya Probox, na baada ya dakika chache walikuwa barabarani kuelekea Embu. Rwamba alilazwa kiti cha nyuma. Kila gari liliporuka tuta, Misheck aligeuka kumtazama, na kila mara Rwamba alijaribu kukanyaga kiti cha mbele kwa vidole vya mguu. Walipopita Siakago, vidole vya kushoto havikuitika.

Hospitalini walimwekea mrija kwenye kibofu, mkojo ukajaza mfuko karibu lita nzima. Picha ikapigwa upya. Daktari Runji alikuja akitembea haraka.

"Kipande kikubwa kimeanguka na kubana neva zote za chini, ndiyo maana mguu uliacha kuuma: neva zilizimika," alisema. "Tukikitoa leo, kuna matumaini. Tukingoja, mkojo huenda usirudi maisha yako yote."

Misheck alishika fomu ya idhini. "Daktari, na akiamka hatembei?"

"Lete hapa," Rwamba akasema. "Mgongo ni wangu." Akaweka sahihi akiwa amelala ubavu.

Aliingizwa chumba cha upasuaji saa nane mchana. Maxine alifika kutoka Nchiru akamkuta baba yake kwenye benchi, hajala. Waliketi hapo kwa muda wa saa tatu. Rwamba alipotolewa, Misheck alienda moja kwa moja kwenye miguu. Vidole vya kulia vilicheza. Vya kushoto vilijongea kidogo sana. Misheck aliinamia chuma cha kitanda, akalia mbele ya wauguzi.

Kupona kulichukua muda. Alifundishwa kugeuka kitandani kama gogo, mabega na nyonga pamoja, asijipinde. Siku ya pili alisimama kwa fremu ya kutembelea. Mrija ulipotolewa mara ya kwanza mkojo ulikataa, wakaurudisha, na akarudi nyumbani nao. Wiki ya tano tu ndipo alipokojoa mwenyewe, akampigia Maxine simu akiwa bado chooni.

Leo anatembea, lakini unyayo wa kushoto unaburutika kidogo akichoka, na habebi kitu kizito kuliko birika. Magunia anabeba Misheck. Aliwahi kumuuliza daktari iwapo mambo yangekuwa tofauti kama angekubali kisu mapema. "Labda," alijibiwa. "Lakini kwa hali uliyokuwa nayo, wengi hupona bila kisu. Hukukosea kungoja. Ulikaribia kukosea kwa kunyamaza."

Mwezi uliopita Ciakuthii, muuza nyanya mwenye mgongo mbovu, alisimama mbele ya kibanda cha Rwamba muda mrefu bila kununua kitu. Rwamba alimvutia kigoda, akamwambia aketi, kisha akamuuliza mbele ya watu, bila kupunguza sauti: "Choo unaendaje?"