Milango Hamsini na Miwili ya Fundi Pimamaji

Mara ya kwanza Mama Bati alipokanyaga karakana ya Pimamaji, alikwenda kufanya alichozoea kufanya kila mahali: kuitia bidhaa dosari mpaka bei ishuke. Alianza biashara kwa kuuza mabati chakavu kando ya barabara, na jina likamganda hata alipofungua duka la vifaa vya ujenzi. Alijua kugonga ubao kwa kidole, kuguna, kukunja uso, kisha kugeuka kama mtu anayeondoka. Siku hiyo aliugonga mlango uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaguna.

"Mh! Huu si una ufa hapa?"

Alibahatisha tu. Lakini fundi aliinama, akapitisha kucha taratibu kwenye ubao, na kweli akaupata, ufa mwembamba kama unywele.

"Asante, mama," alisema. Akachukua nyundo, akaanza kuuvunja mlango.

"We fundi, una wazimu? Nataka punguzo, sikukutuma uvunje!"

"Punguzo la nini? Mlango mbovu siuzi, mlango mzuri sipunguzi. Njoo Alhamisi."

Alhamisi alirudi, akalipa bei nzima bila kuguna. Alirudi nyumbani akisonya njia nzima. Lakini yeye si mtu wa kuacha mali nzuri kwa sababu ya hasira, na kuanzia hapo hakununua mlango kwa mtu mwingine.

Pimamaji lilikuwa jina la kupewa. Waashi wana kile kifaa chenye povu ndani ya kioo, wanachokiweka ukutani kuona kama umelala sawa, nao walikuwa wakisema huna haja nacho kama kuna mlango wa huyu bwana karibu. Karakana yake ilikuwa banda refu lenye dirisha upande mmoja, meza mbili za kufanyia kazi, mashine ya kuranda iliyopakwa grisi kila Jumamosi, na vumbi la mbao lililofagiwa kabla halijafika kwenye vifundo vya miguu. Alifanya kazi na binti yake, mwanamke mtu mzima aliyejifunza kushika patasi kabla ya kushika kalamu. Mafundi wengine walikuwa wamepita pale wakaondoka. Ukimwuliza Pimamaji, "Fundi, una hakika?" alikuwa anaweka chini alichoshika, anavaa shati lake, na siku hiyo kazi imekwisha. Mama Bati alilijua hilo, akalikwepa kama mtu anavyokwepa jino bovu akitafuna.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni ufito. Tepu hakuwa nayo. Ufito ule wa mti mgumu aliachiwa na fundi aliyemlea, una alama zilizokatwa kwa kisu: hii sitini, hii sabini na tano, hii tisini. Kwa ufito huo alitengeneza milango miaka ishirini na sita, na hakuna uliorudi. Sababu ni rahisi, ila hakuna aliyewahi kuifikiria: fremu alitengeneza mwenyewe na mlango alitengeneza mwenyewe, vyote kwa ufito mmoja. Vilikuwa vinaafikiana vyenyewe kwa vyenyewe.

Ndipo ikaja kazi ya hospitali. Ni Mama Bati aliyeileta. Mkandarasi alitaka milango hamsini na miwili ya mbao, na Mama Bati akamwapia kwamba fundi wake hana mpinzani. Kwa Pimamaji ilikuwa kazi ya kubadilisha maisha. Aliinunulia mbao kwa akiba yake yote, akakopa kilichopungua akiweka karakana rehani. Ikienda sawa, angejenga banda la pili na kumwachia binti yake. Ikiharibika, hana pa kusimama.

Tofauti ilikuwa moja tu. Hospitali ilikuwa imeshafungwa fremu za chuma, kutoka kiwandani. Kazi yake ni milango peke yake, upana sentimita tisini.

Mlango wa tatu ulipokwisha, binti alikuja dukani kwa Mama Bati akajifanya anatafuta misumari.

"Mama, njoo uzungumze na baba. Nimepima kwa tepu. Tisini yake ni themanini na nane."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Kaniuliza hiyo tepu imetengenezwa na nani ninayemfahamu."

Mama Bati alicheka, kisha akaacha kucheka. Jioni akapita karakanani na maneno yake aliyoyapanga vizuri.

"Fundi, nipe huo mmoja niupeleke ukajaribiwe kwenye fremu. Mkandarasi ana hamu ya kuuona."

"Kujaribiwa?" Pimamaji hakuinua kichwa. "Nguo ndiyo inajaribiwa, mama. Mlango unafungwa."

"Wa kuonyesha tu, baba. Kwani kuna ubaya gani?"

"Nikikuuliza mimi kama kweli hilo duka ni lako, utafurahi?"

Akaweka randa mezani, akatazama shati lake pale msumarini. Mama Bati alikuwa na wiki chache tu za kumaliza mkataba. Akasema, "Haya, endelea, fundi," akaenda zake. Hajawahi kujisamehe, wala hajawahi kusema kwamba angefanya tofauti. Mfanyabiashara anayeona fundi anavaa shati huku mkataba unakimbia hufanya hivyo hivyo.

Milango hamsini na miwili ilipelekwa kwa malori mawili asubuhi moja, imepigwa msasa mpaka inateleza. Pimamaji alifunga wa kwanza kwa mkono wake. Bawaba zilikaa. Akausukuma, ukaenda kama mafuta. Ukafika mwisho wake, na upande wa kitasa ukabaki mwanya unaopitisha vidole viwili. Mwangaza wa korido uliingia pale, mstari mrefu mweupe kutoka juu mpaka chini.

Binti alitazama viatu vyake. Pimamaji aliingiza vidole vyake viwili mwanyani, akavitoa, akaviingiza tena.

"Si kitu kikubwa," msimamizi wa ujenzi alisema. Alikuwa mtu wa kutaka kumaliza. "Gonga kibao pembeni, piga rangi, nani ataona?"

"Nani ataona!" Mama Bati akadakia, kichwa kimeshapiga hesabu. "Wiki moja tu, fundi. Au hivi: hii nachukua mimi yote, unaitengenezea fremu zake, naiuza dukani. Mlango haujui kama umekosewa."

"Mimi najua," alisema Pimamaji. Kisha akamgeukia binti yake, mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. "Uliniambia."

"Ndiyo, baba."

"Nipe hiyo tepu."

Angeishia hapo, angekuwa mtu aliyejifunza na kuokoka. Lakini kiburi hakikumtoka, kiligeuka tu upande. Vibao hakutaka. Kuiuza ile milango kwa Mama Bati hakutaka. Aliirudisha yote karakanani na kuichana kwa msumeno, mmoja baada ya mwingine, huku Mama Bati amesimama mlangoni anamtukana kwa machozi ya hasira.

"Unachana nyumba yako, mzee! Unachana banda la mwanao!"

"Banda ni la mbao, mama. Jina nalo, unadhani limetengenezwa kwa kitu gani?"

Aliuza mashine ya kuranda akanunua mbao mpya. Alitengeneza hamsini na miwili mingine, kwa tepu ya binti yake na randa ya mkono, akawahi siku mbili kabla ya mwisho wa muda alioongezewa na mkandarasi. Hii ilifunga mpaka karatasi haipiti. Lakini malipo ya kazi moja hayakutosha mbao za mara mbili; waliomkopesha wakaja kuchukua karakana, na aliyeinunua kwao ni Mama Bati, baada ya kuvutana nao bei kutwa nzima. Asingeinunua yeye, angeinunua muuza simenti wa jirani.

Sasa karakana ni ya Mama Bati, na binti ndiye anayeisimamia, kwa mshahara mzuri ambao aliupigania mwenyewe bila kumwonea haya mtu. Mkandarasi ameleta kazi nne nyingine. Pimamaji anatengeneza viti barazani kwake, kimoja kimoja, na watu wanangoja zamu miezi miwili. Karakanani hajarudi kukanyaga. Mama Bati alimfuata mara tatu kumtaka awe mkuu wa mafundi, akaongeza dau kila mara. Mara tatu alijibiwa kwa adabu na kukaribishwa chai.

Mafundi alionao Mama Bati sasa ni watiifu. Ukiwaambia pana ufa, wanakubali papo hapo na kushusha bei. Anapata faida zaidi kuliko zamani, na milango mitatu au minne kila mwaka inarudishwa dukani. Ile ya hospitali, mwaka wa saba huu, hakuna uliorudi.